Muziki Uliokufa Kila Kiden Alipoingia

Kaeni sawa. Ninyi mliofungua vibanda vya kutengeneza simu hapa mjini Arua, kuanzia chini ya Arua Hill mpaka njia ya Ediofe, haya ni yenu. Nimeshika bisibisi tangu kabla mama zenu hawajaota meno ya pili, na nimeiweka chini juzi tu, macho yalipoanza kuona waya mmoja kama mbili. Shule nilifika darasa la tatu. Kwa hiyo msinitafutie maneno makubwa. Nitasema kama nilivyokuwa nasema dukani, na atakayesinzia aende nyumbani.

Nilianza na redio za betri kubwa, zile za mbao. Siku hizi redio imekuwa ndogo na imepata akili. Ni kisanduku cheusi, ukubwa wa kitabu cha sala, hakina kanda wala antena. Kinavuta muziki kutoka kwenye intaneti kwa waifai na kuupeleka kwenye amplifaya. Ninyi mnakiita strima. Nilipoletewa cha kwanza nilikitikisa sikioni nisikie kama kuna kitu kimelegea ndani. Msicheke. Na ninyi nimewaona mkipuliza chaja kwa mdomo kama uji wa moto.

Kisanduku hiki kina jambo moja ambalo redio ya mbao haikuwa nalo. Waliokitengeneza wanaweza kukibadilisha akili kutoka mbali, wewe ukiwa shambani unapalilia mihogo. Hiyo ndiyo apdeti. Unarudi, unakikuta mahali pake, sura ile ile, taa ile ile, lakini si yule uliyemwacha. Wanawake waliokuwa na waume jeshini wananielewa. Anarudi likizo na sare yake, jina lake, kovu lake, halafu anakwambia chai siku hizi anakunywa bila sukari.

Chombo cha kwanza cha namna hiyo nilikiua mwenyewe. Naomba mlisikie kutoka kwangu, msilisikie sokoni. Taa ilianza kupepesa nyekundu, nikadhani kinaungua, nikachomoa waya haraka nikijiona shujaa. Kumbe kilikuwa katikati ya apdeti. Hakikuamka tena. Mwenye chombo alikuwa katekista, mtu mpole. Alinitazama tu. Afadhali angenitukana kwa Kilugbara na babu zangu wote.

Tangu siku ile, apdeti nikiifanya, nakitoa chombo kwenye umeme wa mji, maana umeme wetu mnaujua, hauagi. Nakipa betri ya sola iliyojaa. Kisha naweka kiti mbele yake na kukaa. Taa ipepese itakavyo, iwe nyekundu, iwe ya kijani, mimi nimekaa. Na kabla sijabonyeza kitu chochote naandika kwenye daftari: jina la waifai, neno la siri, stesheni anazopenda mwenyewe, sauti aliiweka wapi. Ninyi mnasema, "Bibi, mimi napiga picha na simu." Na simu ikianguka kwenye choo? Andika.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Sajini Wani, mzee wa Koboko aliyekuwa mtu wa redio za jeshi. Alipotoka jeshini alifungua chumba cha kutengeneza redio nyuma ya soko, nami nikaingia pale nikiwa msichana wa kufagia. Nilifagia mwaka mzima macho yakiwa mezani kwake. Siku moja akanikuta nimeupata na kuufunga waya uliolegea aliokuwa anautafuta tangu asubuhi. Hakunisifu. Alisema, "Ufagio weka huko, mtu mwingine atafagia."

Wiki ya kwanza mteja mmoja alininyang'anya redio yake mkononi. "Mkono ya mwanamke iko nakunywa betri," akasema mbele ya watu. Sajini akachukua ile redio, akamrudishia kwa mikono miwili kama anayempa mtu maiti ya mtoto. "Nenda nayo, ndugu. Imekufa, lakini imekufa na heshima yake." Yule mtu alirudi baada ya siku mbili. Sajini akamwonyesha mimi kwa kidole, akaendelea kunywa chai.

Neno lake kubwa lilikuwa hili: kabla ya kufungua chombo, fungua mdomo. Uliza. Shida ilianza lini? Nani alikuwepo? Alisimama wapi? Ninyi mnakimbilia kufungua skrubu. Skrubu haina habari, watu ndio wana habari.

Kuna kinyozi mmoja wa kule Onduparaka aliyetaka kunipiga kwa sababu ya mpira. Mnajua watu wa pale na mpira. Alikuwa anawatangazia wateja mechi kwa kisanduku chake, stesheni ya intaneti, mambo safi. Ikaja apdeti. Jumapili iliyofuata wateja wake wakasikia kelele ya goli kutoka kwa fundi baiskeli wa jirani, mwenye redio ya zamani ya antena, na kwao mtangazaji bado anasema mpira uko katikati ya uwanja. Wakangoja nusu dakika nzima ndipo goli lao likaingia. Kinyozi akanijia na wembe mkononi. "Bibi, kisanduku yako nachelewa kama mtoto ya shule!"

Nikamuuliza maswali ya Sajini. Kisha nikaingia kwenye mipangilio, nikaona apdeti imeongeza akiba. Kisanduku kilikuwa kinakusanya muziki mwingi kwanza kabla ya kuutoa, ili usikatike mtandao ukiwa dhaifu. Kwa nyimbo ni kitu kizuri. Kwa mpira ni ugomvi. Nikapunguza akiba mpaka mwisho. Lakini intaneti haishindi antena kabisa, nikamwambia ukweli huo. Tangu hapo, siku za mechi alikuwa anamwalika yule fundi baiskeli kunyolewa, ili redio yake izimwe.

Sasa nije Koboko. Hii ndiyo niliyokusudia kuwaambia. Mkisahau mengine yote, hii msiisahau.

Hajati Rukia ni rafiki yangu tangu enzi za chumba cha Sajini. Ana ukumbi wa harusi, na mle ukumbini kulikuwa na strima niliyomfungia mwenyewe. Akanipigia simu, sauti imeshuka. "Mama Driciru, kuja. Kama unanipenda, kuja kesho. Harusi ya Rama ni Jumamosi na nyumba yangu inavunjika."

Rama ni mwanawe. Alikuwa anamuoa binti anaitwa Kiden, binti wa familia ya askari, mtulivu, mwenye mikono ya kazi. Nikapanda gari la asubuhi, Jumatano. Niliposhuka Koboko nilidhani ni ugonjwa au msiba. Hajati akanipeleka moja kwa moja ukumbini, akafunga mlango, akasema:

"Yule msichana akiingia, muziki nakufa."

"Muziki gani?"

"Ya kisanduku. Tangu Alhamisi iliyopita. Yeye naingia kusaidia kupamba, muziki nakufa. Yeye natoka, unangoja kidogo, muziki narudi. Mara ya kwanza tulicheka. Mara ya tatu hakuna mutu alicheka."

Mwanamke aliyekuwa amekaa pembeni akadakia maneno. Huyu alikuwa Zubeda, dada wa marehemu baba yake Rama, yaani shangazi wa bwana harusi, na katika ukoo ule shangazi akisema hapana, harusi inakwama. "Iko na jicho," Zubeda akasema. "Jicho inauwa kitu ya furaha. Leo ni muziki. Kesho ni tumbo ya Rama. Mimi nimesema mpaka sokoni, sifichi. Wewe tengeneza kama unaweza. Ukishindwa, kesho tunapeleka neno kwao. Harusi hakuna."

Mnaelewa uzito wake? Binti akirudishwa kwa sababu ya jicho, hakuna mwingine atakayekuja kumposa. Neno lile linamfuata kisimani, linamfuata sokoni, linafika kwa watoto wa dada zake. Na dawa yake walikuwa wananitaka mimi niitoe kwenye kisanduku cha plastiki.

Nikauliza. "Shida ilianza Alhamisi. Jumatano iliyotangulia kulitokea nini?"

"Hakuna kitu."

Watu husema hivyo siku zote. Nikafungua ukurasa wa habari za kisanduku, nikatazama namba ya toleo. Haikuwa ile niliyoandika kwenye daftari langu siku ya kukifunga. Mmeona faida ya daftari? Kilikuwa kimejifanyia apdeti, na aliyekuwa anakitazama hakuna.

Nikafanya yale ya kawaida, na ninyi msiyadharau. Nikachomoa umeme wa kisanduku, nikahesabu mpaka sitini. Nikazima ruta iliyokuwa ofisini, nyuma ya kuta mbili, nikaiwasha. Nikaangalia nyaya za amplifaya moja moja. Lingala, yaani muziki wa Kongo, likaanza kupiga safi, likapiga saa moja, likapiga saa mbili. Nikanywa chai. Nikaanza kujipongeza moyoni. Hilo ni kosa, msijipongeze kabla mgonjwa hajatembea.

Mlango ukafunguliwa, Kiden akaingia na sinia la mandazi. Akatembea mpaka mezani kwangu, akapiga magoti, akasema, "Karibu bibi."

Muziki ukakata.

Nitawaambia ukweli, maana mimi si mtu wa kujisifu uongo. Nywele zilinisimama. Zubeda akapiga makofi, paa! "Umeona! Na jicho yako mwenyewe!" Kiden akabaki amepiga magoti, machozi yanaangukia mandazi. Wote walikuwa wanamtazama yeye.

Mimi nikageuza kichwa kwa nguvu, nikatazama kisanduku. Hiyo ndiyo kazi yetu. Watu wakitazama mtu, fundi anatazama chombo.

Kwenye kioo chake kidogo, jina la waifai lilikuwa lile lile la ukumbi. Lakini vile vijiti vya mtandao vilikuwa vimejaa vyote. Asubuhi nzima vilikuwa viwili tu, kwa sababu ya zile kuta. Nikajiuliza, ruta imeota miguu? Nani ameisogeza karibu? Nikatazama anwani, ile safu ya namba ambayo kila mtandao humpa mgeni wake. Sikusoma sana, lakini namba nazijua kama nijuavyo wajukuu wangu. Asubuhi, ya tatu katika safu ilikuwa moja. Sasa ilikuwa arobaini na tatu. Jina moja, nyumba nyingine! Kisanduku kilikuwa kimehama kimya kimya.

"Binti," nikamuuliza Kiden kwa sauti ya chini, "simu yako iko wapi?"

Akaitoa kwenye mfuko wa gauni.

"Hotspoti imewashwa?"

"Ndiyo, bibi. Rama alisema niiache tu, akija kwetu simu yake ishike yenyewe."

"Inaitwaje?"

Akanionyesha. Ilikuwa na jina la waifai ya ukumbi. Neno la siri lile lile pia.

Hapo nikataka kupiga kelele lakini nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa na hesabu na Zubeda. Kama ningeeleza kwa maneno, angesema bibi wa Arua amehongwa kwa mandazi. Nikamnong'oneza Kiden atoke nje, azungukie nyuma ya jengo. Tukangoja. Vijiti vikarudi viwili, anwani ikarudi ya asubuhi, muziki ukarudi. Zubeda akaguna, "Si nilisema?"

Nikabeba mfuko wangu wa vifaa, nikatoka kama naenda chooni, nikamfuata Kiden nyuma ya jengo, nikachukua simu yake, nikaizungushia leso, nikaitia chini kabisa ya mfuko. Nikauacha ule mfuko nje, nikaingia na Kiden nimemshika mkono.

Tukatembea katikati ya ukumbi. Muziki unapiga. Nikamkalisha juu ya spika yenyewe, kama kuku juu ya mayai. Muziki unapiga. Nikamwambia akitazame kile kisanduku kwa macho yake yote mawili. Akatazama. Muziki unapiga.

"Leo jicho imelala," Zubeda akasema.

"Labda," nikasema. "Shangazi, naomba unisaidie. Mgongo unaniuma. Mfuko wangu uko pale nje, niletee, uuweke karibu na kisanduku."

Zubeda si mtu mbaya. Mzee akiomba msaada anasimama. Akatoka, akarudi na mfuko begani, akatembea mpaka kwenye kisanduku. Nikahesabu kimoyomoyo. Nilipofika tisa, muziki ukakata.

Zubeda amesimama na mfuko, mdomo wazi.

"Basi, shangazi," nikasema, "jicho limehamia kwako."

Akautupa mfuko kama umemng'ata. Bisibisi zangu zikamwagika sakafuni. Hajati Rukia akacheka mpaka akakaa chini, akajifuta machozi kwa ushungi, akajaribu kusimama, akakaa tena. Na Kiden, juu ya ile spika, ndiyo mara ya kwanza nikaona meno yake.

Nikawaita wote mezani, na Rama akaitwa kutoka dukani kwake, nikawaeleza. Zamani kisanduku hiki kilikuwa mwaminifu. Kilishika mtandao wa kwanza kilioukuta na kubaki nao. Apdeti ikakibadilisha tabia. Sasa kikiona mitandao miwili yenye jina moja na neno la siri moja, kinadhani ni nyumba moja yenye milango miwili, kinakimbilia mlango wenye nguvu zaidi. Kiden akiingia, simu yake iko hatua tatu, ruta iko nyuma ya kuta mbili. Kinamkimbilia Kiden. Na kwenye simu ya Kiden bando limeisha tangu juma lililopita. Kimeingia nyumba isiyo na chakula. Kama angekuwa na bando, muziki ungeendelea kupiga na data yake kuliwa yote, na hakuna mtu angejua.

Nikamgeukia Rama. "Nani alikwambia uipe hotspoti ya binti jina la ukumbi?"

Akainamisha kichwa. "Bibi, kwetu wote tunafanya hivyo. Mgeni ya mutu moja ni mgeni ya nyumba yote. Anauliza neno la siri mara moja tu, halafu mahali pote anashika. Nilimwekea Kiden pia ndio ajue yeye ni mutu ya hapa."

Ni kweli, ukoo ule wote simu zao zina jina moja. Ni desturi nzuri. Wengine huwasha hotspoti wakiihitaji na kuzima. Kiden peke yake aliiacha imewashwa, kwa sababu aliambiwa na mchumba wake na yeye ni msikivu. Usikivu wake ndio karibu umharibie maisha.

"Mapenzi ni mazuri, mwanangu," nikamwambia Rama. "Lakini hata mbuzi wa boma moja wana kamba tofauti. Sasa mpe mkeo jina lake."

Akaandika hapo hapo: Kiden. Nami sikuishia hapo, maana shangazi na wajomba wangekuja Jumamosi na simu zao zote. Nikavuta waya kutoka kwenye ruta, nikautobolea kuta zote mbili, nikauchomeka kwenye kisanduku, nikazima waifai yake kabisa. Kitu kinachokaa mahali pamoja kipe waya. Waifai ni ya wanaotembea. Halafu nikaizima ile apdeti ya kujifanyia, nikamwambia Hajati, "Ikija nyingine, nipigie kwanza."

Ilibaki kazi moja, na hii haina bisibisi. Nikakaa na Zubeda peke yetu. Nikamwambia, "Wewe ulisema sokoni. Utalifuta neno lile sokoni. Hapa ndani hapatoshi."

"Nitasema nini? Watu watanicheka."

"Watacheka siku moja. Yule angechekwa maisha yote."

Akapindapinda pindo la leso. Kesho yake akaenda. Niliambiwa alisimama kwa wauza simsim, ule ufuta, mahali pale pale, akasema, "Ile jicho ilikuwa simu. Na mimi pia nilikuwa nayo, kwenye mfuko." Wakacheka, bila shaka. Yeye pia akacheka mwishoni. Heshima yake ilipanda, msidhani ilishuka.

Jumamosi nilikaa mbele, na viatu vipya vinanibana. Bibi harusi alipofika mlangoni, wanawake wote wakanyamaza. Hakuna aliyepanga, ilitokea tu. Ngoma ya nje ikasimama. Watu mia na zaidi wanasikiliza spika. Kiden naye akasimama kizingitini. Kisha akaingiza mkono kwenye shela, akatoa simu yake, akaiinua juu ya kichwa watu wote waione, akaanza kutembea.

Hatua moja. Hatua tano. Hatua kumi. Akapita mbele ya kisanduku kabisa, karibu akiguse, na lingala halikukwaruza hata mara moja.

Aliyepiga kigelegele cha kwanza alikuwa Zubeda. Alipiga mpaka sauti ikapasuka, akamshika mwali mkono, akamgeukia mpiga muziki:

"Namna gani wewe! Mwali yangu amefika. Fungua sauti yote!"